Mama mkwe anataka mjukuu abaki nyumbani, mimi nataka aanze shule

Shikamoo mama,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 32, naishi San Antonio, Texas. Kazi yangu ni kusaidia wauguzi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Mume wangu ni Mmeksiko. Wazazi wake walimleta Texas akiwa mdogo, wakitokea Saltillo. Ni fundi wa mapaa, anaondoka kabla ya alfajiri na jioni anarudi hoi. Tuna watoto wawili: binti atakayetimiza miaka minne mwezi Juni, na mdogo wake wa kiume wa mwaka mmoja na miezi miwili.

Anayetulelea watoto ni mama mkwe. Alihamia kwetu nilipokuwa na mimba ya kwanza, na sijawahi kuona mtu anayependa wajukuu namna ile. Anawapikia, anawaimbia, anawafundisha kusalimia mgeni, kusema asante, kutodakia maneno ya wakubwa. Mimi hurudi kazini saa moja asubuhi, nalala mpaka saa nane mchana bila wasiwasi. Hajanidai hata senti.

Tatizo limeanza niliposema nataka binti aanze shule ya awali mwezi Agosti. Mama mkwe hakujibu kitu. Jioni nikamkuta jikoni analia. Kesho yake akaniambia, na Kihispania changu si kizuri lakini hili nilielewa: mtoto ana bibi yake, kwa nini apelekwe kwa wageni? Halafu akataja watoto wa Hermosillo walioungua. Nilipomuuliza mume wangu ni watoto gani hao, akasema niachane nayo, ni habari za zamani.

Mama mkwe amesema kama ni lazima mtoto atoke, basi aende kwa comadre wake, yaani rafiki yake wa karibu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye analea watoto kwa pesa taslimu. Siku moja nilihesabu watoto tisa mle ndani, na yeye peke yake.

Halafu kuna suala la lugha. Binti anazungumza Kihispania kama maji. Kiswahili anajua shikamoo, njoo, lala, na nyimbo mbili. Kiingereza karibu hana. Mume wangu anasema kama ni shule, iwe ya Kiingereza kitupu, maana yeye darasani alichekwa na hataki binti yake achekwe.

Tena naogopa fomu. Mimi na mume wangu tuna makaratasi na watoto wamezaliwa hapa, lakini mama mkwe hana. Naona kama nikiandika majina ya watu wanaoishi nyumbani nitakuwa nimemuuza.

Watanzania wenzangu wa hapa wananiambia nisijisumbue. Wanasema Wameksiko ni watu wa bibi, shule za watoto wadogo hawazitaki, na mke hufuata mila za alikoolewa. Je, nikimpeleka mtoto shule nitakuwa nimemkosea adabu mama wa mume wangu? Nifanyeje?

Mama wa Wawili, San Antonio

*

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na hao wenzako, kwa sababu ukiamini maneno yao utaingia kwenye ugomvi wa mila ambao haupo. Si kweli kwamba Wameksiko hawataki shule za watoto wadogo. Hapohapo Texas, mwaka 1957, wakati watoto wa Kimeksiko walikuwa wakiingia darasa la kwanza bila neno la Kiingereza na wengi wao wakirudishwa nyuma mwaka baada ya mwaka, waliotafuta dawa walikuwa Wameksiko wenyewe. Félix Tijerina, mwenye migahawa mjini Houston na kiongozi wa LULAC, chama cha kutetea Walatino, yaani watu wenye asili ya nchi za Amerika zinazozungumza Kihispania, alianzisha madarasa ya kiangazi ya kuwafundisha watoto wadogo maneno 400 ya Kiingereza kabla hawajaanza shule. Darasa la kwanza lilifunguliwa mji mdogo wa Ganado, na mwalimu wake alikuwa msichana wa miaka 17, Isabel Verver, aliyekuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Wazazi walileta watoto. Miaka michache baadaye serikali ya jimbo ikauchukua mpango huo, na wengi wanauhesabu kuwa mmoja wa mizizi ya Head Start, mpango wa taifa wa kuwaandaa watoto wa familia zenye kipato kidogo, ulioanza 1965. Kwa hiyo hiyo shule ya awali unayotaka kumpeleka binti yako ina jasho la watu wa mume wako ndani yake.

Nini basi kinachowafanya familia nyingi zinazozungumza Kihispania wabaki na bibi, shangazi au jirani? Angalia nyumba yako. Wewe zamu ya usiku, mume juu ya mapaa tangu alfajiri. Kituo gani kingefunguliwa kwa saa zenu? Kingekuwa karibu? Mngelipa kwa pesa gani, na watoto ni wawili? Nani pale kituoni angeongea na mama mkwe akaelewa? Uchunguzi mkubwa wa taifa kuhusu malezi ya watoto nchini Marekani, wa 2012 na ule wa 2019, umewapa watafiti nafasi ya kuliangalia jambo hili kwa makini, na picha inayotoka ni hiyo: wazazi wa Kilatino huvisifu vituo kwa kumwandaa mtoto na shule, na huwasifu ndugu kwa mapenzi na kwa kukubali saa za ovyo za kazi. Wanapenda vyote viwili. Wanachagua kinachowezekana.

Na panapowekwa huduma inayolingana na maisha yao, wanaijaza. Tangu 1969 kuna tawi la Head Start la watoto wa vibarua wa mashambani wanaohama kufuata mavuno. Vituo vyake hufunguliwa msimu wa kazi, hupokea watoto wachanga, na saa zake hufuata saa za shamba. Waliovijaza miaka yote hiyo ni wazazi hao hao wanaoambiwa hawataki watoto wao walelewe nje.

Sasa Hermosillo. Mume wako amekosea kukwambia uachane nayo, kwa sababu hapo ndipo moyo wa mama yake ulipo. Tarehe 5 Juni 2009, katika mji wa Hermosillo, jimbo la Sonora, moto ulianzia kwenye ghala la serikali ya jimbo lililopakana ukuta na kituo cha kulelea watoto kilichoitwa ABC. Kituo kilikuwa kikiendeshwa na watu binafsi kwa mkataba na shirika la taifa la hifadhi ya jamii, IMSS, kwa ajili ya watoto wa akina mama wafanyakazi. Ilikuwa mchana, watoto wamelala. Njia za kutokea hazikutosha. Watu waliokuwa nje walifika hatua ya kubomoa ukuta kwa gari ili kuwatoa watoto. Watoto 49 walikufa. Wazazi wao walipigania haki barabarani na mahakamani kwa miaka, na mwaka 2011 Meksiko ikapitisha sheria mpya ya vituo vya watoto ambayo watu huiita kwa tarehe ya siku ile.

Hakuna bibi wa Kimeksiko wa umri wa mama mkwe wako asiyeijua habari hiyo. Unapomwambia mtoto anaenda kulelewa nje, yeye anaona ghala, moshi na mlango usiofunguka. Wewe ulisikia dharau, yeye alikuwa anakueleza hofu yake, na hakuna aliyemjibu.

Mjibu. Kaa naye, mwambie umeijua habari ya Hermosillo na umeelewa. Kisha mpeleke akaione shule kwa macho yake, mwezi mmoja au miwili kabla ya kuandikisha, siku ya wageni au kwa miadi. Mwache yeye ndiye aulize maswali ya usalama, wewe au mume wako mfasiri: milango ya kutokea iko wapi, inafunguliwa kwa ndani, zoezi la moto la mwisho lilifanyika lini, jengo limepakana na nini, mtoto akiumwa nani anapigiwa simu. Hayo ni maswali mazuri kuliko yote ambayo mzazi anaweza kuuliza, na wazazi wengi, wa kila kabila, hawayaulizi. Mwalimu akiyajibu kwa subira, na kwa Kihispania, utaona mabega ya mama mkwe yakishuka.

Jambo la pili la kumweleza ni kwamba huko kwao kuna vitu viwili tofauti, na huenda anadhani unataka kile asichokipenda. Kuna kituo cha kuwatunza watoto wa akina mama walio kazini, na kuna shule ya chekechea chini ya wizara ya elimu. Hii ya pili Meksiko imeifanya kuwa ya lazima: katiba ilibadilishwa mwaka 2002, na miaka mitatu ya chekechea kuanzia umri wa miaka mitatu ikaingizwa kwenye elimu ya msingi ya lazima, hatua kwa hatua. Kama ana wajukuu waliobaki Saltillo, wamevaa sare na kwenda kínder, na yeye aliona fahari kwa picha zao. Mwambie hicho ndicho unachomtakia mjukuu wake wa hapa.

Kuhusu adabu, hapana, hujamkosea. Ila nataka uone anachopoteza. Mama huyu ameacha maisha yake akaja kuishi kwenye nyumba ambayo thamani yake ni wale watoto wawili. Hana mshahara, hana makaratasi, lugha ya nchi haijui. Unapomwondoa mjukuu bila kumwambia nafasi yake mpya ni ipi, unamwacha na jikoni tu. Kwa hiyo usimpelekee uamuzi uliokwisha. Mpelekee mgawanyo wa kazi.

Mgawanyo wenyewe naona hivi. Mtoto wa kiume abaki na bibi, mchana kutwa, bila mjadala. Kwa umri wa mwaka mmoja na ushee, mikono inayomjua, sauti inayomwimbia na mtu mmoja asiyebadilika ni malezi bora kabisa, na kituo cha watoto wa umri huo chenye kiwango hicho ni ghali na ni adimu. Binti aende shule. Miaka minne ni umri wa kutaka wenzake wa rika, wa kusikiliza hadithi kwenye kundi, wa kusubiri zamu yake, wa kushika penseli, na mtu mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni hawezi kumpa yote hayo hata akiwa na upendo wa dunia nzima.

Nasema aende kwa sababu nyingine pia. Oklahoma, jimbo lililopakana na lenu, ilifungua shule ya awali kwa watoto wote wa miaka minne mwaka 1998. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walipowapima watoto wa mji wa Tulsa, watoto wa Kilatino walikuwa wamepiga hatua kubwa, na waliopiga kubwa zaidi ni wale ambao wazazi wao huzungumza Kihispania nyumbani. Mtoto wa aina hiyo ndiye wako.

Lakini sitaki uamini kwamba kila shule ya awali ni njema kwa kuwa inaitwa shule. Tennessee walifuatilia watoto waliopata nafasi kwa bahati nasibu na wale waliokosa, na matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba kufika darasa la sita waliopata nafasi walikuwa nyuma ya wenzao kwa alama, tena wakiwa na makosa zaidi ya nidhamu. Kwa hiyo kaa darasani nusu saa uangalie. Watoto wanaongea au wamenyamazishwa? Mwalimu anainama kuongea na mtoto, au anapiga kelele kutoka mbele? Wanacheza kiasi gani, wanatoka nje? Kuna makaratasi ya kujaza asubuhi hadi mchana? Sheria ya Texas inazitaka shule za awali za umma zijitahidi kuwa na mwalimu au msaidizi mmoja kwa kila watoto 11, kwa hiyo hesabu vichwa. Ukiona watoto wa miaka minne wamekaa kimya kwenye viti muda wote, tafuta kwingine.

Sasa nafasi yenyewe. Texas haitoi shule ya awali ya bure kwa kila mtoto, ila inatoa kwa makundi maalumu, na moja ya makundi hayo ni mtoto asiyezungumza wala kuelewa Kiingereza. Kipato chenu hakiangaliwi ukiingia kwa mlango huo. Awe ametimiza miaka minne kufikia tarehe 1 Septemba, na binti yako anatimiza Juni. Tangu sheria ya 2019, wilaya za shule zinatakiwa kuwapa watoto wa miaka minne wenye sifa siku nzima, si nusu siku. San Antonio ina wilaya nyingi za shule ndani ya mji mmoja, kwa hiyo anwani yenu ndiyo inayoamua mnaenda wapi. Mbali na wilaya, mji una mpango wake wa shule ya awali, Pre-K 4 SA: mwaka 2012, Julián Castro akiwa meya, wapiga kura walikubali kuongezewa kodi ya mauzo, sehemu ya nane ya senti kwa kila dola, ili kujenga vituo vinne vya watoto wa miaka minne, na mwaka 2020 wakaupigia kura tena uendelee. Sifa za kuingia bure zinafanana na za jimbo. Omba kote kuwili.

Hapo kwenye maombi kuna karatasi moja ambayo familia nyingi huikosea kwa woga. Watakuuliza nyumbani mnatumia lugha gani na mtoto anazungumza lugha gani. Wazazi huandika Kiingereza wakidhani ndiyo jibu linalotakiwa, au wakiogopa mtoto kutengwa. Ukiandika hivyo utakuwa umefunga mlango ulioufungua, maana lugha ndiyo inayompa nafasi. Andika ukweli: Kihispania, na Kiswahili. Watampima mtoto wenyewe.

Kuhusu fomu na mama mkwe, nakuelewa, na hofu yako si ya kijinga. Mambo ya kubeba ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya chanjo, uthibitisho wa mahali mnapoishi kama mkataba wa pango au bili ya umeme, na kitambulisho chako wewe mzazi. Uhamiaji wa bibi hauhusiki. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi iliyotokea Tyler, Texas, kwamba shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto nafasi kwa ajili ya makaratasi ya uhamiaji. Na wako ni mzaliwa wa hapo. Ukiingia kwa mlango wa lugha hulazimiki hata kuthibitisha kipato. Ukikutana na swali usilolielewa kuhusu watu wa nyumbani, liache wazi na uulize kabla ya kulijaza.

Usimdanganye mtu, wala usiandike jina la uongo.

Pale mlangoni pa shule ni jambo jingine. Tangu Januari 2025 serikali ya shirikisho imefuta mwongozo uliokuwa ukiwafanya maofisa wa uhamiaji waepuke shule na makanisa, na familia nyingi tangu hapo zina woga wa kumpeleka mtoto tu. Usimtwike mama mkwe mzigo huo. Kwa saa zenu hamuhitaji: unarudi saa moja asubuhi, mpeleke mwenyewe halafu ndipo ulale, unaamka saa nane, mchukue mwenyewe mchana. Akitaka kuja kwenye sherehe za shule ni hiari yake, akiwa anajua. Na mkutanisheni na wakili wa uhamiaji mwenye leseni, si wale wa kujaza fomu kwa pesa wanaojiita notario. Meksiko mtu mwenye cheo hicho ni mwanasheria kamili. Texas ni mtu wa kushuhudia sahihi tu, na wamewaliza wengi.

Nimekutajia Head Start. Kwenu huenda kipato kikawa kikubwa kupita kiwango chake, ila familia inayopata msaada wa chakula wa serikali hukubaliwa, na huchukua watoto wa miaka mitatu pia. Tawi lake la watoto wachanga huchukua tangu kuzaliwa. Utawasikia watu wakisema wahamiaji wamezuiwa. Julai 2025 serikali ilitangaza kuwazuia wasio na makaratasi, na Septemba mwaka huohuo majaji wa shirikisho wakalisimamisha tangazo hilo. Watoto wako hawaguswi, lakini ukiwa na jirani anayeuliza, mwambie apige simu kituoni aulize hali ilivyo badala ya kubaki na uvumi.

Kwa comadre sipeleki mtoto. Sisemi ni mtu mbaya. Inawezekana ndiye anayewawezesha wanawake nusu ya mtaa kwenda kazini. Lakini watoto tisa kwa mtu mmoja, ukitokea moto, ni hofu ileile ya mama mkwe, na hilo mwambie kwa upole kwa sababu atalielewa mara moja. Texas inamtaka mtu anayelea watoto wa wenzake nyumbani kwa malipo ya kawaida ajiandikishe. Ngazi ya chini inaruhusu watoto watatu tu wasio wa ukoo wake. Inayofuata inaruhusu sita wadogo, na sita wengine baada ya saa za shule, na nyumba hukaguliwa. Tovuti ya idara ya afya na huduma ya jimbo inakuonyesha nani ameandikishwa na alikutwa na kosa gani. Kama mama huyo angeandikishwa angeweza hata kupata wateja wanaolipiwa na ruzuku ya jimbo. Rafiki yake akimwambia hivyo atasikiliza kuliko akiambiwa na wewe.

Nifike kwenye lugha, maana hapa ndipo mimi na mume wako tunapopishana. Maumivu yake ni ya kweli. Kuna vizazi vizima vya Wameksiko wa Texas walioadhibiwa shuleni kwa kuongea Kihispania, na ndiyo maana wengine waliapa kutowafundisha watoto wao. Matokeo yake ni wajukuu wasioweza kuzungumza na bibi zao. Mtoto huyu anafikiri kwa Kihispania. Ukimtupa kwenye darasa la Kiingereza kitupu atakaa miezi mingi akishika nusu ya anachoambiwa, na mwalimu anaweza kumdhania mzito kumbe hajaelewa tu. Kwenye darasa la lugha mbili anaendelea kujifunza kuhesabu, kusimulia na kutambua herufi kwa lugha anayoijua, huku Kiingereza kinaingia. Na kitaingia, usitie shaka: katuni, dukani, watoto wa mtaani, nchi nzima inakifundisha bure. Kihispania ndicho kitakachohitaji ulinzi akifika miaka saba au minane.

Sheria ya Texas inaitaka wilaya yenye wanafunzi 20 au zaidi wa ngazi moja ya darasa ambao lugha yao ya nyumbani ni moja na hawajamudu Kiingereza iwe na elimu ya lugha mbili, na San Antonio idadi hiyo haina shida kufika. Uliza hasa aina ya darasa. Kuna linalotumia Kihispania kama daraja la kuvukia kwenye Kiingereza kisha wanakiacha, na kuna linalotaka mtoto asome na kuandika lugha zote mbili mpaka madarasa ya juu, mara nyingi akiwa na watoto waliokulia Kiingereza wanaojifunza Kihispania. Chagua la pili ukilipata. Hao wenzake wa Kiingereza hawatamcheka, watamtegemea.

Tena darasa la namna hiyo linamrudisha mama mkwe ndani ya shule. Ataweza kusoma barua za mwalimu, kumsikiliza mtoto akisoma, kuongea kwa simu na mwalimu bila kumsubiri mtu wa kumfasiria. Jumapili moja tu ya mjukuu kumsomea bibi kitabu cha Kihispania itafanya kazi ambayo hoja zako zote haziwezi.

Kiswahili ni juu yako mwenyewe. Shule haitakisaidia, bibi hawezi, baba hawezi. Njia ya kwenda na kurudi shule iwe ya Kiswahili peke yake, kila siku, hata akijibu kwa Kihispania. Na mpigie bibi wa Tanga simu wakati mtoto yuko macho, si usiku wa manane kwa saa zao.

Kwa mama mkwe na mtoto mdogo kuna kitu kimoja San Antonio mnacho ambacho miji mingi haina. Shirika la AVANCE lilianza kazi hapo mwaka 1973 chini ya Gloria Rodriguez, kwa ajili ya familia za Kilatino zenye watoto wadogo. Walezi hukutana, hujifunza mtoto anavyokua, na hutengeneza wenyewe vitu vya kuchezea kwa vifaa rahisi, kwa Kihispania. Uliza kama bibi anaweza kuandikishwa kama mlezi wa mtoto wa kiume. Akikubali atapata marafiki, na atakuwa na lake la kuwasimulia jioni.

Kumbe nimesahau kusema: usichelewe. Uandikishaji wa Agosti huanza mapema, masika, na nafasi za madarasa ya lugha mbili huisha kwanza. Piga simu wiki hii.

Lakini kabla ya simu, na kabla hujakaa naye mwenyewe, mume wako ndiye atangulie kuongea na mama yake. Si wewe. Wewe ni mkwe. Neno lako, hata liwe tamu namna gani, litasikika kama la mtu anayempokonya. Amkalishe Jumapili, redio imezimwa, amwambie kwa Kihispania mambo matatu: kwamba anakumbuka watoto wa Hermosillo na hatampeleka binti yake mahali ambapo mama hajapaona; kwamba mtoto wa kiume ni wake mchana kutwa na hakuna wa kumgusa; na kwamba binti akirudi shule saa tisa anataka chakula cha bibi, si cha mwingine. Akimaliza amuulize siku gani inamfaa waende wakaione shule. Siku atakayoitaja, ombeni miadi ya siku hiyo, na wewe omba ruhusa ya usiku mmoja kazini ili uwe macho mtakapokwenda.